Kisu cha pili: jeraha limepona, kidole hakikunji

*Watu wa soko la Marikiti, Mombasa, wanaishi kwa panga na kisu, na mikono yao ndiyo inayolipa. Ipo operesheni ya kuzibandua kano zilizonata, lakini ina masharti ambayo mtu wa kibarua huona taabu kuyatimiza.*

Marikiti haina asubuhi ya polepole. Jua halijapanda juu ya mapaa ya Mji wa Kale na tayari mikokoteni ya hamali imeziba njia ya Langoni, wauza viungo wanafungua magunia ya bizari na pilipili manga, na ukingoni mwa Barabara ya Digo muuza madafu ameshaanza kazi. Dafu liko mkono wa kushoto, panga liko kulia. Anachonga mara tatu nne kwa mshazari, anapiga pigo moja la kufungua, maji yanachuruzika na mteja anakunywa. Kila pigo linapita upana wa kidole tu kutoka kwenye gumba lililoshika dafu.

Siku pigo likikosea, hukatwa mgongo wa gumba au wa kidole cha shahada. Muuza nyama na mpaa samaki wana ajali yao nyingine. Kisu kinagonga mfupa na kusimama ghafla, na mkono uliolowa mafuta unateleza kutoka kwenye mpini hadi kwenye makali. Huyo hukatwa upande wa ndani, penye kano za kukunjia vidole.

Yanayofuata kila mtu sokoni anayajua. Damu inazuiwa kwa kitambaa, na wapo wanaotia unga wa kahawa. Majeruhi anakwenda kliniki ya karibu, anapigwa nyuzi nne tano na sindano ya pepopunda, kisha anarudi mezani kwake. Baada ya siku kumi nyuzi zinatolewa na ngozi imefunga vizuri. Hapo ndipo mwenye mkono anagundua kwamba kidole kimoja hakimsikii.

Kwa mbali mkono huo ni mzima. Lakini hauwezi kufinyanga tonge la wali, noti zinaupita zikihesabiwa, na mpini wa kisu unazunguka kiganjani kwa kuwa hakuna wa kuubana. Kwa mtu anayelipwa kwa kipande au kwa siku, kidole kimoja kigumu kinatosha kumtoa kwenye meza na kumpeleka kwenye kazi ya kubeba mizigo, ikiwa ipo.

Kamba ndani ya ala

Misuli inayokunja vidole haikai kwenye vidole. Shika kigasha chako cha kushoto kwa mkono wa kulia, kisha kunja ngumi ya kushoto. Utaihisi ikitembea chini ya ngozi. Kinachoiunganisha na mifupa ya vidole ni kano. Kano tisa za kukunjia hupita kwa kubanana kwenye kifundo cha mkono pamoja na neva moja kubwa, halafu zinagawana njia: mbili kwa kila kidole na moja kwa gumba.

Zikifika kidoleni huingia ndani ya ala yenye ute, na ala hiyo imefungwa kwenye mfupa kwa vikanda vigumu. Baharia wa jahazi hahitaji kuelezwa zaidi. Kano hupita chini ya vikanda hivyo kama henza inavyopita kwenye kapi kabla ya kupandisha foromali. Madaktari nao huviita kapi, na mbili kati yake, moja kwenye pingili ya kwanza na nyingine kwenye pingili ya kati, hazifai kupotea. Zikipotea, kano huinuka chini ya ngozi kila unapokunja, na nguvu ya kidole inapungua.

Ugumu wa jambo lote uko kwenye kovu. Kano iliyokatwa haiungi bila kovu, lakini kovu hilohilo linalounga ncha mbili halichagui pa kushika. Hushika ala, hushika mfupa, hushika hata ngozi ya juu. Kano imepona, ila haisogei. Msuli unavuta na kidole kimekaa.

Upande wa mgongo wa mkono hali si nafuu. Kano za kunyooshea ni bapa na zimelala karibu kabisa na mfupa, zikiwa na nyama kidogo sana ya kuzitenganisha nao. Mtu akianguka na bodaboda akavunjika mfupa wa kiganja, au akawekewa chuma kwenye kifundo, kano hizo zinaweza kunata ingawa hazikuguswa na kisu chochote.

Kuna njia nyepesi ya kujua kama tatizo ni kano iliyonata au ni kiungo chenyewe kilichokauka. Mwache mtu mwingine akukunjie kidole. Kikikunjika vizuri mikononi mwake, lakini wewe mwenyewe ukijaribu kikafika nusu ya njia au kisifike kabisa, kiungo ni kizima na kano ndiyo yenye kasoro: ama imekatika, ama imeshikwa na kovu. Kisipokunjika kwako wala kwake, kiungo nacho kimekakamaa na kazi ni kubwa zaidi.

> Kidole kikikunjwa na mwenzako kinakubali, ukikikunja mwenyewe kinakataa. Hapo aulizwe daktari wa mikono.

Jeraha linalodanganya

Baadhi ya operesheni za pili zina chanzo kwenye nusu saa ya kwanza baada ya ajali. Mpaa samaki alikatwa akiwa amekunja ngumi kwenye kisu. Anapolazwa mkono juu ya meza ya kushonewa, vidole vimenyooka. Kano, ambayo wakati wa ajali ilikuwa imevutwa kuelekea kiganjani, sasa imerudi mbele, na sehemu yake iliyokatika haiko tena chini ya mdomo wa jeraha. Nusu ya pili imevutwa na msuli na kujificha kiganjani. Anayeshona akichungulia ndani haoni kano iliyokatika. Anafunga ngozi kwa nia njema kabisa.

Ndiyo maana kuangalia jeraha hakutoshi, na lazima vidole vipimwe kimoja kimoja. Anayepima hushikilia pingili ya kati isitikisike na kumwambia majeruhi akunje ncha ya kidole. Ncha isipokunja, kano ya ndani imekatika. Kisha hunyoosha na kuvishikilia vidole vingine vyote, akaomba kile kimoja kikunje katika kiungo cha kati. Kisipokunja, ni kano ya juu. Kipimo hiki hakina mashine wala gharama, na dakika mbili zinakitosha.

Kano iliyokatika ikigunduliwa siku hizo za mwanzo hushonwa moja kwa moja. Ikigunduliwa baada ya miezi, ncha zimeshakauka na kurudi nyuma, ala imejifunga, na mara nyingi hakuna tena cha kubandua. Hapo hutafutwa kano nyingine ya kupandikiza.

Ugomvi wa kutulia na kusogea

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe waliogopa sehemu ya kidole iliyo kati ya mkunjo wa kiganja na pingili ya kati, ambapo kano mbili zinabanana katika ala moja. Sterling Bunnell wa San Francisco, aliyetoa kitabu kikubwa cha upasuaji wa mikono mwaka 1944, aliiita kwa jina la uwanja wa vita: ardhi isiyo na mwenyewe, ile inayobaki kati ya mahandaki ya majeshi mawili. Ushauri wake ulikuwa kufunga ngozi tu, kusubiri, na baadaye kupandikiza kano. Kushona papo hapo, aliona, ni kukaribisha makovu.

Claude Verdan wa Uswisi alipinga kwa vitendo na kutangaza matokeo yake mwaka 1960. Mwaka 1967 Harold Kleinert na wenzake wa Louisville, Marekani, walionyesha kwamba kano ya eneo hilohilo inaweza kushonwa siku ya kwanza na kidole kikafanya kazi. Wengi hawakuwaamini. Siri yao ilikuwa ushonaji makini pamoja na kifaa cha kuchekesha: ukanda wa mpira uliofungwa kwenye ukucha, unaokunja kidole wenyewe huku mgonjwa akikinyoosha, tena na tena, kuanzia siku za mwanzo.

Mwaka 1975 Robert Duran akaongeza jambo linalostahili kukumbukwa na kila aliyewahi kufungwa mkono kwa plasta ngumu: kano iliyoshonwa ikisogezwa milimita tatu hadi tano tu, kovu halipati nafasi ya kuishika. Kwa upande wa maabara, Göran Lundborg wa Uswidi alionyesha kwamba kano ina uwezo wa kujiponya kwa kulishwa na ute wa ala yake, bila kutegemea makovu ya jirani. Tangu hapo hoja ya kuufunga mkono ukatulia tuli kwa wiki nyingi imebaki na watetezi wachache, japo plasta ya namna hiyo bado inaonekana mitaani.

Woga wa upande wa pili nao una msingi. Kano ikisogezwa kwa pupa katika wiki za kwanza, uzi unaachia na ncha zinatengana. Mgonjwa anatakiwa asogeze vya kutosha kovu lisishike, asivute kwa nguvu hadi mshono ufumuke. Kwa hiyo kuna gango la kuvaliwa wiki sita hivi, kazi nyepesi baada ya hapo, na kazi nzito isianze kabla ya wiki kumi na mbili.

Wiki kumi na mbili. Mwenye duka anaweza kumwachia kijana wake. Mwenye meza ya samaki hana wa kumwachia.

Kuzibandua

Operesheni yenyewe wataalamu huiita tenolisisi. Haifanywi mapema. Daktari husubiri miezi mitatu hadi sita tangu operesheni ya kwanza, ngozi ilainike, mfupa kama ulivunjika uwe umeunga, na mazoezi yawe yamefikia mwisho wa faida yake. Viungo vinatakiwa viwe laini vikikunjwa na mtu mwingine. Mgonjwa ambaye viungo vyake vimekakamaa, au asiyekuwa tayari kufanya mazoezi kila siku, anashauriwa asubiri au asifanyiwe kabisa.

Ngozi hufunguliwa kwa mkato wa kwenda upande na kurudi upande, ili kovu jipya lisije likavuta kidole. Ndani, kovu huondolewa polepole kutoka kwenye kano: juu, chini, pembeni, kuanzia palipo pazima kuelekea palipoharibika. Kapi zile mbili zinalindwa. Kazi hii haitaki mwenye haraka. Kinachoonekana kama kovu kinaweza kuwa kano, na kinachoonekana kama kano kinaweza kuwa kovu tupu lililojinyoosha mahali pake.

Na hapo ndipo uamuzi unaweza kubadilika mgonjwa akiwa mezani. Kano ikionekana imelika au kapi zimeharibika, kubandua hakufai tena. Huwekwa kijiti laini cha silikoni kwenye njia ya kano ili mwili ujenge ala mpya kukizunguka, na baada ya miezi mitatu hivi kinatolewa na kupandikizwa kano iliyochukuliwa kwingine. Njia hiyo ya hatua mbili ilipata umaarufu kupitia James Hunter wa Philadelphia mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kano ya akiba inayopendwa iko kwenye kifundo: gusanisha gumba na kidole cha mwisho, kunja kifundo kidogo, na pengine utaiona imesimama katikati. Usipoiona usishtuke. Kuna watu waliozaliwa bila hiyo na mikono yao haina upungufu wowote.

Mgonjwa akiwa macho

Zamani kazi hii ilifanywa mgonjwa akiwa amepewa nusukaputi na mkono umefungwa ukanda wa kuzuia damu. Tatizo ni kwamba mtu aliyelala hawezi kukunja kidole. Daktari alivuta kano kwa chombo akakisia kwamba yatosha.

Donald Lalonde, daktari wa Kanada, ni miongoni mwa waliobadilisha hilo. Kwa njia anayoieneza, mgonjwa anadungwa lidokeini iliyochanganywa na adrenalini, ganzi inashika, mishipa ya damu inajibana, na ukanda hauhitajiki. Mgonjwa yuko macho. Daktari anabandua kidogo na kumwambia, "Kunja." Kidole kikiishia nusu, anajua bado kuna kovu mahali. Anaendelea mpaka mgonjwa mwenyewe afunge ngumi, na mara nyingi mgonjwa huyo anaiona kwa macho yake.

Kwa miongo mingi wanafunzi wa udaktari walifundishwa kwamba adrenalini kidoleni huua kidole. Mwaka 2005 Lalonde na wenzake walichapisha taarifa za wagonjwa 3,110 waliodungwa adrenalini vidoleni na mikononi. Hakuna kidole kilichokufa.

Kwa hospitali za kwetu hii ni habari kubwa kuliko inavyosikika. Dawa hizo mbili ni za bei nafuu na hazihitaji mashine ya usingizi. Foleni ya chumba kikuu cha upasuaji, ambako mkono uliokakamaa hauwezi kushindana na mama anayehitaji kupasuliwa usiku huu, inaweza kuepukwa.

> Operesheni ikiisha saa tano asubuhi, mazoezi yanaanza siku hiyohiyo. Kovu halingoji Jumatatu.

Afrika Mashariki si ngeni katika kazi hizi. Shirika la afya la AMREF lilianzishwa mwaka 1957 na madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha maumbile: Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees. Chuo cha wapasuaji cha kanda yetu, COSECSA, kimekuwepo tangu 1999. Na Januari 2018, madaktari wa Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta waliurudisha mkono wa kijana wa miaka 17 uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya mifugo. Ujuzi wa kushona upo.

Mkandaji na mtaalamu

Kwa wengi wa Pwani, kidole kigumu hupelekwa kwanza kwa mkandaji. Uto wa simsim unapashwa moto, kidole kinachuliwa, kinavutwa, kinalazimishwa. Madaktari wengi wakisikia hivyo hukunja uso.

Kwa maoni yangu wanakunja uso mapema mno. Kulikanda kovu kwa mafuta, baada ya jeraha kufunga, ni jambo ambalo wataalamu wa tiba ya mikono wenyewe huwafundisha wagonjwa. Mkandaji anakosea kwenye wakati na kwenye nguvu: kidole kilichoshonwa wiki mbili zilizopita kikilazimishwa, mshono unaachia. Na kuna kasoro nyingine kubwa zaidi. Kukandwa ni kufanyiwa. Kano iliyonata haifunguki kwa kukunjiwa kidole na mwingine. Inataka ivutwe na msuli wa mwenyewe, kwa dakika chache, mara nyingi kwa siku, hata ikiuma.

Inauma kweli. Mkono uliobanduliwa kano huvimba, na siku ya pili hakuna anayetaka kuukunja. Mgonjwa akiogopa akautuliza wiki mbili, makovu hurudi, safari hii mengine yakiwa yametokana na operesheni yenyewe. Akivuta kupita kiasi, kano iliyodhoofika kwa kuvuliwa makovu inaweza kukatika. Anahitaji mtu wa kumwongoza katikati ya hatari hizo mbili, siku baada ya siku, kwa wiki kadhaa. Mtu huyo ni mtaalamu wa tiba ya mikono, na huyo ndiye anayesahaulika tunapohesabu madaktari.

Nani anabeba mzigo

Kisheria mwajiriwa aliyekatwa kazini ana pa kushika. Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri awe na bima na amlipe. Muuza madafu hana mwajiri. Kijana anayepaa samaki kwa malipo ya kipande hana barua ya kazi, na mwenye meza atasema hamjui.

Kuna bima ya afya ya jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 kila mwezi. Asiye na mshahara anapimwa uwezo wake na kutakiwa kulipa mchango wa mwaka mzima, usiopungua shilingi 300 kwa mwezi. Kwa anayelala na faida ya leo, fedha za mwaka kwa mkupuo ni mtihani. Bima nayo haimpi nauli ya kwenda mazoezini wala haimlipi zile siku ambazo meza yake imefungwa.

Kutoka Marikiti hadi Hospitali Kuu ya Pwani, ile watu wanayoiita Makadara, ni mwendo mfupi wa tuktuk. Umbali mfupi huo unamfaa wa kisiwani. Hospitali hiyo ni ya rufaa, na wagonjwa huja kutoka Kwale, Kilifi, Tana River, hata Lamu. Mvuvi wa Kipini akibanduliwa kano Mombasa na kurudi kwao kesho yake, mazoezi yake yatasimamiwa na nani?

Hapo ndipo fedha za umma zinapopaswa kutazamwa upya. Serikali za kaunti hupenda kuzindua vyumba vya upasuaji, kwa kuwa vina utepe wa kukata. Mtaalamu mmoja wa tiba ya mikono katika hospitali ya kila kaunti ndogo, mwenye meza, plastiki ya kutengenezea magango na simu ya kuwafuatilia wagonjwa, angeokoa vidole vingi zaidi. Baadhi ya operesheni za pili zisingehitajika kamwe. Na kila mhudumu wa zahanati anayeshona majeraha apewe mafunzo ya kupima vidole kabla ya kushika sindano.

Wewe unayefanya kazi kwa kisu, ukikatwa usikubali nyuzi kabla kila kiungo cha kidole hakijapimwa. Kama ulikatwa zamani na kidole kimegoma, chukua karatasi za matibabu ya kwanza, ulizia kliniki ya upasuaji wa mikono au wa mifupa kwenye hospitali ya rufaa, na usikate tamaa kwa kuwa miezi imepita. Ukiambiwa unafaa kubanduliwa kano, uliza kesho yake asubuhi ni nani atakayekufanyisha mazoezi, na wapi. Usipopata jibu, ahirisha operesheni mpaka upate.